Kaya 300, nusu kilo ya mahindi na mahojiano 15: je, sampuli yangu inatosha?

Swali: "Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu sumukuvu (aflatoksini) katika mahindi ambayo kaya za wakulima wa wilaya moja mkoani Dodoma huyahifadhi kwa ajili ya chakula, na uhusiano wa sumu hiyo na namna ya kuhifadhi. Nimechagua vijiji vinne vya wilaya hiyo vyenye jumla ya kaya 1,200. Kwa kutumia kanuni ya Yamane, inayokokotoa ukubwa wa sampuli kutokana na idadi ya wote, nimepata kaya 300, yaani 75 katika kila kijiji. Katika kila kaya nitajaza hojaji na kuchukua nusu kilo ya mahindi ya kupeleka maabara, kisha nitafanya mahojiano ya kina na watu 15. Nilipowasilisha pendekezo langu, msimamizi wangu wa sayansi ya chakula alisema sampuli ni ndogo mno. Msimamizi wangu wa sosholojia akasema kaya 300 zinatosha kabisa, ila nieleze kwa nini watu 15. Mtakwimu aliyekuwa kwenye jopo akasema tatizo ni vijiji vinne, kisha akauliza kwa nini wale 15 hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwenzangu wa isimu ananiambia yeye huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, nami nilidhani ananitania. Tena huko nyuma tulifundishwa kwamba asilimia 10 ya watu inatosha. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi kurekebisha?"

Jibu: Ndugu mtafiti, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba wasiwasi wako hautokani na uzembe wala na kutoelewa somo. Umepata maoni manne yanayoonekana kupingana, na unaogopa kwamba ukimtii mmoja utamkosea mwingine. Habari njema ni kwamba wasimamizi wako wote wawili na yule mtakwimu wako sahihi karibu katika kila walilosema, na hata mwenzako wa isimu hakutanii. Kila mmoja alizungumzia sampuli tofauti, kwa sababu utafiti wako mmoja una sampuli tatu ndani yake: ya kaya, ya punje za mahindi, na ya watu watakaokusimulia maisha yao. Wewe uliziandika katika aya moja chini ya kichwa kimoja, na ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Kitu pekee katika barua yako ambacho si sahihi hata kidogo ni ile kanuni ya asilimia 10, kwa hiyo nitaanza nayo.

Usahihi wa makadirio hutegemea zaidi idadi ya waliochaguliwa na namna walivyochaguliwa kuliko sehemu gani ya umma wote waliyo. Kanuni ya Yamane yenyewe inalionyesha jambo hili. Ukitaka kosa lisizidi asilimia 5, kwa kaya 1,200 inakupa 300. Kwa kaya 100,000 inakupa karibu 398. Na hata ukiweka mamilioni, haivuki 400. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulichagua kaya 16,354, kutoka katika maeneo 629 ya kuhesabia watu, kaya 26 kwa kila eneo, ilhali sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120. Kama asilimia 10 ingekuwa sharti, utafiti ule usingefanyika kamwe. Kwa upande mwingine, katika kijiji chenye kaya 60, asilimia 10 ni kaya sita, nazo hazikuambii chochote cha maana kuhusu kijiji hicho.

Tena wingi peke yake hauokoi sampuli iliyochaguliwa vibaya. Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kura za maoni kwa watu takriban milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni mbili. Kwa majibu hayo likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa urahisi. Roosevelt alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, na Landon akapata majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Majina ya waliotumiwa karatasi yalikuwa yametolewa kwa kiasi kikubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kujibu walikuwa na hamu ya mabadiliko kuliko wasiojibu. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni aliyetumia sampuli ndogo mno kuliko hiyo lakini iliyopangwa kwa uangalifu zaidi, alimtaja mshindi wa kweli. Nakuomba uikumbuke habari hii kila utakapoambiwa "ongeza idadi" bila kuulizwa hizo kaya za nyongeza zitatoka wapi.

Ikiwa si asilimia, basi nini kinachoamua? Katika fani zote ninazozifahamu, anayechukua sampuli anasema jambo kuhusu kitu kizima kwa kuangalia kipande chake, na uhalali wa anachosema hutegemea utofauti uliomo katika kitu hicho na mahali ulipojificha. Mtaalamu wa maabara akitaka kujua kiasi cha himoglobini, mililita chache za damu kutoka mkononi zinamtosha, kwa sababu moyo umekwisha kuichanganya damu yote. Lakini mtaalamu huyohuyo akitafuta vimelea vya malaria vya Plasmodium falciparum, hali inabadilika, kwa kuwa vimelea hao wanapokomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya viungo na kutoweka katika damu inayozunguka. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na malaria kali huku kioo cha damu chini ya darubini kikionyesha vimelea wachache, na daktari akaagiza kipimo kirudiwe baada ya saa kadhaa. Damu ni ileile na sindano ni ileile, lakini kinachotafutwa hakikuenea sawasawa, kwa hiyo sampuli iliyotosha kwa swali la kwanza haitoshi kwa la pili. Tuipitishe kila sampuli yako katika swali hilohilo.

Tuanze na kaya. Kanuni uliyotumia imejengwa juu ya dhana kadhaa ambazo wengi huzinakili bila kuziona: kwamba unakadiria uwiano mmoja, kwamba kiwango cha uhakika ni takriban asilimia 95, kwamba uwiano huo uko karibu na nusu kwa nusu, na kwamba kila kaya imechaguliwa kwa nasibu sahili kutoka katika orodha moja ya kaya zote. Ikiwa unataka kusema juu ya vijiji vinne hivyo tu, na katika kila kijiji ukachagua kaya kwa nasibu kutoka orodha kamili, msimamizi wako wa sosholojia ana haki: 300 zinatosha. Lakini nimeona kwamba kichwa cha utafiti wako, kama ulivyoueleza, kinataja wilaya. Hapo ndipo mtakwimu alipokukamata. Kaya za kijiji kimoja hufanana: zinalima udongo unaofanana, zinapata mvua ileile, zinanunua mbegu kwa muuzaji mmoja, na zinaigana katika namna ya kuhifadhi. Kaya ya 75 ya kijiji kimoja inakuambia machache sana ambayo zile 74 hazijakuambia.

Watakwimu hupima hasara hiyo kwa hesabu rahisi. Chukua idadi ya kaya kwa kila kijiji, toa moja, zidisha kwa kipimo cha mfanano wa kaya ndani ya kijiji, kisha ongeza moja. Tuseme mfanano ni 0.05, ambao kwa mambo ya kilimo si mkubwa. Kwa kaya 75 kwa kijiji unapata 4.7; gawanya 300 kwa 4.7, na sampuli yako, kwa habari ya wilaya, ina uzito wa kaya 64 tu. Ukienda katika vijiji 20 na kuchukua kaya 15 katika kila kimoja, idadi ni ileile 300, lakini kigawanyo kinakuwa 1.7 na uzito unapanda hadi kaya 176. Hukuongeza hojaji hata moja. Umeongeza nauli na siku za safari. Kwa hiyo una njia mbili zilizo halali: ama ubadilishe kichwa cha tasnifu kiseme vijiji vinne na uridhike na hilo, ama uongeze vijiji na kupunguza kaya kwa kila kijiji. Njia isiyo halali ni kubaki na vijiji vinne huku hitimisho lako likizungumzia wilaya nzima, na kwa bahati mbaya ndiyo ninayoikuta mara nyingi katika tasnifu.

Neno moja kuhusu orodha. Kuchagua kwa nasibu hakumaanishi kutembea kijijini na kuingia nyumba yoyote unayoikuta wazi. Maana yake ni kwamba kila kaya ina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na hilo haliwezekani bila orodha. Orodha utakayopewa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji inaweza kuwa ya zamani, ikakosa wahamiaji, vijana waliooa karibuni na wajane walioachiwa nyumba. Wanaakiolojia wa pwani yetu walikutana na tatizo la aina hiyo kwa namna yao. Kwa miaka mingi uchimbaji ulielekezwa zaidi kwenye magofu ya mawe kama Gedi na Kilwa Kisiwani, kwa kuwa ndiyo yaliyoonekana, na picha ya maisha ya Waswahili wa kale ikaelemea kwa wenye majumba ya mawe. Baadaye watafiti walipochimba mashimo madogo ya majaribio kwa nafasi zilizopangwa, Pemba ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, walikuta makazi ya udongo na makuti ambayo jicho peke yake lisingeyaona. Kwako wewe dawa ni kukaa na wenyeviti wa vitongoji na kuihakiki orodha kabla ya kuchagua. Na kaya iliyochaguliwa ikiwa haina mtu, rudi siku nyingine. Usiibadilishe kwa ya jirani, maana watu wanaopatikana nyumbani mchana hutofautiana na wasiopatikana.

Sasa tuje kwenye mahindi, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo utafiti wako unaweza kuanguka hata kama mengine yote ni mazuri. Msimamizi wako wa sayansi ya chakula aliposema sampuli ni ndogo, naamini hakuwa na maana ya kaya 300. Alikuwa na maana ya nusu kilo.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, nao hushambulia punje mojamoja: iliyotobolewa na wadudu, iliyopasuka wakati wa kupukuchua, iliyoteswa na ukame ikiwa bado shambani. Punje moja inaweza kubeba sumu nyingi mno huku punje iliyoigusa ikiwa salama kabisa. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka jumla ya sumukuvu katika mahindi ya chakula isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba punje iliyoharibika ina kiwango cha mikrogramu 100,000 kwa kilo, jambo linalowezekana kabisa kwa punje moja. Punje ya mahindi ina uzito wa takriban gramu 0.3, kwa hiyo hiyo moja imebeba mikrogramu 30. Gunia la kilo 100 lina punje kama 330,000. Zikiwemo punje 33 tu za namna hiyo, yaani moja katika kila 10,000, gunia zima limefika kwenye kikomo.

Sasa ingiza mkono katika gunia hilo, utoe nusu kilo. Ukifanya hesabu ya uwezekano utaona kwamba mara 85 hivi kati ya 100 hutapata hata punje moja mbovu, na maabara itakuandikia kwamba mahindi ni safi. Katika mara 15 zilizobaki kwa kawaida utapata punje moja, na maabara itakuandikia mikrogramu 60 kwa kilo, mara sita ya kikomo. Ukweli wa gunia ni 10, na hakuna jibu lolote kati ya hayo mawili lililoukaribia. Ukichukua kilo 5 badala ya nusu kilo, nafasi ya kukosa kabisa inashuka hadi mara 19 hivi kati ya 100. Mashine ya maabara inaweza kuwa ya kisasa kiasi gani, nayo haiwezi kuona punje ambayo hukuipeleka. Kwa mahindi na karanga, sehemu kubwa ya kosa la vipimo vya sumukuvu huzaliwa wakati wa kuchota, kabla maabara haijafungua mlango, na ningependa kila mwanafunzi anayeandika juu ya sumukuvu ayaelewe haya kabla hajanunua mifuko ya sampuli.

Namna ya kuchota nayo ina uzito wake. Tumia bambo kama wanavyofanya wakaguzi wa nafaka: choma gunia juu, katikati, chini na ubavuni, na ikiwa kaya ina magunia kadhaa, choma yote, kwa sababu kuvu hupenda penye unyevu, kama vile gunia lililolala sakafuni au lililoegemea ukuta. Kuchota juu tu ni kuchukua sampuli ya sehemu iliyokauka vizuri. Vichotwa vidogo vingi vikusanywe mpaka vifike kilo zinazotakiwa, kisha visagwe vyote, laini, kabla ya kutoa gramu 50 au kiasi chochote ambacho kipimo kinahitaji. Usagaji ndio unaozigawa punje mbovu katika maelfu ya chembe na kuzisambaza. Maabara ikichota gramu 50 kutoka katika punje nzima, tatizo lote linarudi kana kwamba hukubeba kilo 5. Tumia mifuko ya karatasi au ya kitambaa, na usiyaache mahindi ndani ya plastiki kwenye gari lenye joto, kwa sababu kuvu wataendelea na kazi yao njiani na utapima safari yako badala ya ghala la mkulima.

Najua utaniuliza: kilo 5 mara kaya 300 ni tani moja na nusu, nani atazibeba, na nani atalipia vipimo 300? Hapa inabidi tupime mambo kwa uwazi. Njia ya kwanza ni kujaza hojaji katika kaya zote 300, lakini kuchukua mahindi katika kaya 60 au 80 tu, zilizochaguliwa kwa nasibu kutoka katika zile 300, na kuyachukua ipasavyo. Njia ya pili ni kuchanganya mahindi ya kaya kadhaa kuwa kipimo kimoja kwa kijiji. Ni nafuu na inakupa wastani mzuri, lakini huwezi tena kujua kaya gani ina nini, kwa hiyo lengo lako la kuhusisha namna ya kuhifadhi na kiwango cha sumu linakufa. Njia ya tatu ni kuchukua unga ambao kaya imekwisha kuusaga kwa chakula. Unga umekwisha changanyika, kwa hiyo kiasi kidogo kinawakilisha vizuri debe lililosagwa, na unapima kile ambacho watoto watakula leo. Kasoro zake ni kwamba mashine ya kusaga hubakiza unga wa mteja aliyetangulia, na kwamba mahindi yaliyokobolewa huwa na sumu kidogo kuliko dona, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Mambo hayo mawili lazima uyaandike katika hojaji.

Kwa malengo uliyonieleza, mimi ningechagua njia ya kwanza. Kuna mtu atakayekuambia kwamba kwa kaya 300 makosa ya nusu kilo hufidiana, na kwa wastani wa jumla kuna ukweli kiasi fulani katika hilo. Lakini wewe unataka kujua kama anayetumia mifuko isiyopitisha hewa ana sumu kidogo kuliko anayetumia gunia la kawaida, na katika swali hilo makosa ya namna ile huzika uhusiano uliopo, kisha utahitimisha kwamba mifuko haisaidii kumbe kipimo chako ndicho kisichoona. Vipimo 80 unavyoweza kuviamini vina faida kwako kuliko 300 visivyoaminika. Kumbuka pia kwamba kilo 5 si kitu kidogo katika kaya inayohesabu magunia hadi mavuno yajayo. Panga katika bajeti yako kuzirudisha kwa mahindi mengine mazuri au kwa bei ya soko, na uieleze kamati ya maadili jinsi utakavyofanya.

Mwenzako wa isimu anastahili aya yake, maana ana jambo la kukufundisha. Sauti hubadilika katika muda, na ili kompyuta iweze kuijenga upya, lazima iipime zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na ndiyo sababu ya zile 44,100. Simu ya kawaida hupima mara 8,000 tu, hivyo hupoteza kila kilicho juu ya mitetemo 4,000, na humo ndimo tofauti kubwa ya "s" na "f" inamokaa, hata mtu akalazimika kuuliza, "Ni S ya Salma au F ya Fatuma?" Utofauti katika sampuli zake uko katika muda. Nawe pia una muda katika utafiti wako, ingawa hukuutaja. Mahindi ya Dodoma hukaa ghalani tangu baada ya mavuno ya katikati ya mwaka hadi msimu ujao, na sumu inaweza kuongezeka kadiri unyevu na wadudu wanavyoingia. Ukivitembelea vijiji viwili mwezi Julai na vingine viwili mwezi Novemba, hutajua kama tofauti unayoiona ni ya vijiji au ya miezi. Ama vitembelee vyote ndani ya majuma machache, ama rudi kwa kaya zilezile mara mbili katika msimu; na ikiwa umekwenda mara moja tu, taja mwezi huo katika kila hitimisho.

Zimebaki zile sauti 15. Hapa mtakwimu ameuliza swali la haki kwa kipimo cha fani yake, na unaweza kumjibu kwa heshima kwamba mahojiano hayo hayakadirii idadi yoyote. Hutasema "asilimia 40 ya watu 15". Unachotafuta ni namna watu wanavyofikiri na kuamua: kwa nini mama anachambua mahindi mabovu na kumpa kuku, kwa nini mwingine anayauza, nani ndani ya kaya ana kauli juu ya gunia lipi lifunguliwe kwanza. Kwa nasibu unaweza kupata wakulima 15 wanaofanana na ukamkosa mwenye mashine ya kusaga, mnunuzi wa mahindi, mhudumu wa afya wa kijiji na mjane anayehifadhi kwenye kihenge. Kwa hiyo unawachagua kwa makusudi, na wajibu wako ni kueleza makusudi hayo mtu kwa mtu. Wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss, katika kitabu chao cha mwaka 1967, walipendekeza hata kwamba mtafiti asiamue mapema nani atafuata, bali aongozwe na yale anayoyagundua anapochambua mahojiano yaliyotangulia.

Kuhusu kwa nini 15, msimamizi wako wa sosholojia anataka usikie kwamba idadi hiyo haiwezi kuwa ahadi. Unaendelea hadi mahojiano mapya yasipokuletea wazo jipya. Kuna utafiti unaotajwa sana, uliochapishwa mwaka 2006, ambao watafiti wake walirudia kuchambua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake nchini Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba mawazo mengi makuu yalikuwa yamejitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Wanafunzi wengi huinukuu 12 kana kwamba ni sheria. Lakini wale wanawake walifanana kwa mambo mengi na maswali yalikuwa yaleyale. Wewe una wakulima, wafanyabiashara na wahudumu wa afya, na kila kundi lina mambo yake. Andika kwamba unatarajia kati ya 15 na 25, na kwamba utachambua kila baada ya mahojiano matatu au manne ili ujue wakati wa kusimama. Usisubiri kuyaandika yote mwishoni, maana hapo utakuwa umechelewa kurudi uwanjani.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla hujachapisha hojaji, nenda kwa mtakwimu yule aliyekuhoji, maana aliyeona tatizo la vijiji vinne ndiye atakayekusaidia kukokotoa idadi mpya kwa malengo yako halisi na kukuonyesha namna ya kuchambua data zenye vijiji ndani yake. Nenda pia maabara ana kwa ana, uulize wanahitaji uzito gani, nani anasaga, na kama watakubali kusaga sampuli nzima; maabara nyingine husaga sehemu tu usipowaambia. Na kabla hujachukua punje hata moja, kubaliana na kamati ya maadili na ofisi ya afya ya halmashauri kuhusu kitakachofanyika ukikuta kaya inakula mahindi yenye kiwango cha hatari. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 mlipuko kama huo uliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Familia haiwezi kusubiri tasnifu yako itetewe ndipo ijulishwe kilichomo ghalani mwake, na njia ya kuijulisha, pamoja na chakula cha kufidia, lazima iwe imepangwa mapema.

Jambo la kuanza nalo wiki hii ni dogo. Nunua gunia moja la mahindi ya kawaida, toa humo sampuli 10 za nusu kilo, kila moja isagwe na kupimwa peke yake, kisha toa tatu za kilo 5 kwa bambo na uzipime vilevile. Vipimo hivyo 13 vina gharama, lakini vitakuonyesha kwa macho jinsi majibu ya gunia moja yanavyoweza kupishana, na endapo gunia hilo litakuwa safi kabisa, rudia kwa jingine lililokaa ghalani muda mrefu zaidi. Pangilia matokeo hayo katika jedwali, uyaweke kwenye pendekezo lako mahali ilipokuwa ile aya moja ya sampuli, na ufuatishe aya tatu: ya kaya, ya mahindi na ya mahojiano, kila moja ikitaja kitu kizima inachokisemea.